Mwalimu wa Milinganyo Isiyovunjika

Niseme mapema kabla sijaanza kuzungukazunguka: mwalimu huyu nilimponza mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikasimama mbele ya bodi ya shule, nikasema hakutufundisha kitu ambacho alitufundisha. Akahamishwa. Imepita miaka zaidi ya ishirini na sijamwambia mtu, hata mume wangu, ambaye nimeshamwambia mabaya kuliko hayo. Naliandika kwa sababu limenichosha. Lakini nikiandika hilo tu mtadhani alikuwa mpole, mtu wa kuonewa na kuhurumiwa, na hapo nitakuwa nimemsingizia mara ya pili. Alikuwa msumbufu, na nyumbani tulimlalamikia kila jioni.

Kwanza hakuwa mtu wa kukaa. Kiti chake cha darasani kilikaliwa na madaftari. Mahindi ya kuchoma aliyala akitembea, madaftari aliyasahihisha akitembea, ndiyo maana alama zake nyekundu zilipanda na kushuka ukurasani na ukashindwa kujua umepata au umekosa. Mifuko yote miwili ya suruali ilijaa vipande vya chaki, na mapaja yake yalikuwa meupe kuanzia Jumatatu. Kanisani alisimama nyuma karibu na mlango, misa nzima. Padri aliwahi kumuuliza kama kuna gari linamsubiri nje. Akajibu kwamba miguu yake ndiyo inayosikiliza. Watu wakacheka, padri akacheka, na Jumapili iliyofuata akasimama palepale.

Alifundisha hisabati kwenye shule yetu ya milimani, juu ya Mbinga, na ndani ya hisabati alikuwa na ugonjwa mmoja: milinganyo ya kipeo cha pili. Aliyesahau shule nimkumbushe. Ni ile ambayo x iko mara mbili, moja ya mraba na moja ya kawaida, unaambiwa useme x ni ngapi. Ile rahisi unaivunja. Unatafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata hii na ukizijumlisha unapata ile, ukishazipata kazi imekwisha, unafunga daftari. Vitabu vimejaa hizo. Yeye aliziita milinganyo ya harusi. "Imeoga, imevaa, inacheka na kila mgeni," alikuwa akisema. "Haya, vunjeni upesi tumalizane nayo."

Tukishavunja tatu au nne na kujiona watu wazima, anaandika moja inayofanana nazo kabisa. Hapo sasa. Unajaribu namba hizi, unajaribu zile, unabadili alama, wapi. Darasa zima linatokwa jasho. Yeye yuko dirishani anatutazama, chaki inageukageuka vidoleni. Mwisho mmoja wetu anakata tamaa na kusema, "Mwalimu, hii haivunjiki." Ndipo anaposugua viganja.

"Haivunjiki? Vizuri. Sasa ndiyo tumeanza."

Kisha anafuta ubao; njia yake, alisema, tutaipata siku yake ikifika. Niliichukia ile vizuri yake. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani na nilipenda vitu vilivyokubali.

Tena hakuruhusu jibu lipikwe. Hata kwenye swali la x ya mraba peke yake, ukipata kipeuo cha kumi na moja, unaliacha hivyohivyo, na alama yake ya kipeuo kichwani. Ukichukua kikokotoo ukaandika tatu nukta tatu na kitu, anakata. "Nani kakwambia ulipike? Liache bichi. Hiyo tatu nukta tatu ni jirani yake, siyo yeye." Mwenzetu mmoja alimuuliza namba isiyokwisha ina faida gani. Alimtazama kama aliyetukanwa, akatoka nje, akazunguka mlingoti wa bendera, akarudi na kuendelea na somo. Hakumjibu hata mwaka ulipoisha.

Jibu alimpa fundi seremala, hilo nalo lilisimuliwa Mbinga mjini mpaka tukalichoka. Alikwenda kuagiza meza ya mraba, akataka uso wake uwe mita mbili za eneo, zisizidi wala kupungua. Fundi akauliza, ubavu mita ngapi? Mwalimu akasema, kipeuo cha mbili. Fundi alikuwa mzee wa Kiislamu, familia yake ilitokea Kilwa zamani, mtu wa heshima zake, asiyependa kuchezewa. Akaweka futi mezani akasema, "Mwalimu, nionyeshe hapa alama hiyo iko wapi, nikate mbao." Mwalimu akachora chini mraba wa mita moja kila upande, akachukua uzi, akaupima kutoka kona mpaka kona ya pili, akaukata. "Huu hapa. Ubavu ni huu. Futi yako haiujui, lakini uzi unaujua." Fundi akaufuata ule uzi, meza ikatoka sawasawa. Inasemekana hakumwamkia mwalimu mwezi mzima.

Nimesema alikuwa msumbufu. Alikuwa pia amejaa kasoro za kujipinga. Darasani kubahatisha ilikuwa dhambi. Nje ya darasa alibahatisha mvua kila asubuhi, kwa sauti, kwa yeyote anayepita, na alikosea karibu kila siku, na mwavuli hakununua. Hakuweza kungoja chai ipoe, aliungua ulimi kila mapumziko. Lakini mwanafunzi akikwama ubaoni aliweza kumngoja kipindi kizima, wengine tukipiga miayo, mpaka kengele ikalia na mtoto wa watu bado ameshika chaki. Fimbo hakushika kabisa. Angeshika fimbo ingekuwa afadhali, maana ulimi wake ulikaa mwilini muda mrefu zaidi. Mimi aliniambia siku moja, akirudisha daftari langu lenye alama zote, "Wewe binti una akili kiasi cha kujidanganya mwenyewe." Alama zote, na nikalala nalia.

Majumbani alikuja bila taarifa. Unamwona tu anapandisha mlima, anasimama uani, anawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, hata bibi asiyesikia. Akikaribishwa ugali na usipa, vile vidagaa vya ziwani, anakula, amesimama. Akishanawa anasema, "Naomba daftari la binti." Baba yangu alimheshimu na alimwogopa. Mke wa mwalimu alikuwa Mmatengo wa hapohapo, mwenye kahawa yake na mama yake mzee, ambaye yeye alimtunza katika nyumba ya pili, na yeye ndiye aliyekuwa akituma watu wamtafute mumewe giza likikaribia. Yeye mwalimu aliletwa kwetu na barua ya serikali kutoka mkoa mwingine, na la mkoa gani hakupenda kulijadili.

Hilo la kuwa mgeni lina maana, nisiliruke.

Kwetu milimani tunalima ngoro. Nyasi zinakatwa, zinalazwa kwa mistari inayokatana mpaka mlima mzima unakuwa na miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba unachimbwa na kufukia zile nyasi. Kinabaki kishimo katikati na matuta pande nne, na maji ya mvua hayana pa kukimbilia. Wanaume ndio wanaolaza nyasi, wanawake wanakuja nyuma na majembe kufukia. Hakuna anayewaambia watoto. Shuleni, siku za shamba, tulijipanga hivyo wenyewe, wavulana juu na nyasi, wasichana nyuma tumeinama.

Mwalimu aliiona ngoro na akapata wazimu. Siku hiyo ya shamba, tukiwa kidato cha pili, alikuwa anaruka mistari ya nyasi kama anayekanyaga siafu. "Simameni. Huu mraba ubavu wake hatuujui, tuuite x. Pembeni nataka kipande cha hatua sita, urefu x vilevile. Sasa kigaweni katikati, tatu na tatu. Tatu moja ilazeni kulia, nyingine ilazeni chini. Mmepata nini?" Wavulana wakalaza nyasi. Ikawa mraba mkubwa, umepungukiwa kona moja tu. "Kona hiyo ni tatu kwa tatu. Tisa. Ijazeni ile tisa, na upande wa pili wa mlinganyo mwongezeeni tisa yake, asilalamike." Alicheka peke yake. Akasema mlinganyo wowote unaokataa kuvunjwa utaukamilisha namna hiyo, uwe mraba, kisha utautoa kipeuo na x itatoka yenyewe.

Mimi nilikuwa nyuma, jembe mkononi, mgongo unauma. Nilisikia kila neno. Nilielewa palepale, na nilikasirika, kwa sababu lilikuwa jambo zuri na lilisemwa kwa wavulana.

Ubaoni hakuliandika. Wiki iliyofuata aliugua malaria, alipopona tukaingia mtihani wa majaribio. Swali la mwisho, lenye alama nyingi kuliko yote, lilikuwa hili: x ya mraba, kujumlisha sita x, kutoa mbili, ni sawa na sifuri. Mnaona ile sita. Mimi niliiona pia. Lakini nikakaa natafuta namba mbili, nikajaribu, nikafuta, nikajaribu, karatasi ikatoboka. Njia ya shambani ilinijia kichwani, naapa ilinijia, nikaifukuza. Mambo ya nyasi na majembe nani anayaandika kwenye karatasi ya mtihani? Niliona ni kazi ya shamba, si hisabati. Kengele ikalia, nimeacha wazi, hilo na mengine mawili niliyoyaruka ili niliwahi.

Njiani kurudi nyumbani nikachukua kijiti, nikachora mraba vumbini, nikaongeza vipande viwili na kona. Hasi tatu, jumlisha au toa kipeuo cha kumi na moja. Ilichukua muda wa kunywa maji. Nikaufuta kwa mguu.

Darasa zima tulianguka lile swali, wavulana nao, na bila shaka kwa sababu ileile. Baba aliuliza imekuwaje mimi wa kwanza nimekuwa wa tisa. Nikamwambia, hatukufundishwa. Wenzangu nao waliambia wazazi wao hivyohivyo. Wazazi wakapanda shuleni, bodi ikaitishwa, mwalimu akaulizwa, akasema amefundisha, shambani. Mtu mmoja akacheka. Madaftari yakakusanywa, hamna kitu. Ndipo mkuu wa shule akasema aitwe mwanafunzi mmoja, yule mwenye akili, aseme.

Baba alikuwa amekaa benchi la wazazi. Mwalimu alikuwa amesimama, kama kawaida yake, na nilipoingia alitulia. Uso wake ulifunguka. Aliniona mimi akajua amepona.

"Mwalimu aliwafundisha njia ya swali hili?" mkuu aliuliza.

Nikamtazama baba. Nikasema, "Hapana. Hakutufundisha."

Mwalimu hakubisha. Hilo ndilo lililonishangaza na linalonishangaza mpaka leo, mtu aliyebishana na padri, na fundi, na mvua. Alitikisa kichwa taratibu kama anayesahihisha kitu, akatoka. Kabla ya muhula kwisha akapelekwa shule moja ya ziwani, huko Mbaha, chini kabisa, kwenye joto na mchanga na mihogo. Mkewe alibaki wiki mbili, kisha akamfuata. Sisi tukaletewa mwalimu mtaratibu, mwenye kukaa kitini, aliyetupa milinganyo ya harusi tupu. Tukafaulu.

Nikawa mwalimu wa hisabati. Mnaweza kucheka. Kila mwaka nikifika mada ile naandika kanuni ubaoni, namwambia mwanafunzi akariri, nakimbia. Mwaka jana binti mmoja wa kidato cha pili aliniuliza hiyo kanuni inatoka wapi. Nikamwambia akae chini. Jioni hiyo sikula. Kundi letu la simu la waliosoma pamoja likawa limepata habari kwamba mwalimu amestaafu, yupo Ngumbo, kulekule ziwani, macho yamepungua. Likizo ilipofika nikapanda gari la asubuhi kutoka Mbinga, nikamalizia kwa pikipiki. Mara mbili nilimwambia dereva asimame, nikashuka, nikatembea kidogo, nikapanda tena. Aliniuliza kama naumwa.

Nilimkuta uani, anazunguka nyumba yake. Ameota mvi, amepungua, suruali safi. Usipa ulikuwa umeanikwa kwenye chanja pande mbili, na yeye alipita katikati bila kugusa, kwa kuzoea.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Sauti naijua. Ngoja usiniambie." Akanitaja jina langu na jina la baba. Kisha akasema, "Leo mvua itanyesha." Ilikuwa Julai.

Mkewe alitoka akanisalimia vizuri, akaniletea kigoda na maji, akarudi jikoni. Nilikunywa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mbinga na yote yalikuwa yamekimbia, na kabla sijafungua mdomo yeye akaanza.

"Ni vema umekuja, maana nina deni la shukrani kwako," alisema. "Siku ile ya bodi. Niliumia, sikufichi. Nikafika huku ziwani nikawa sifundishi, nasomesha tu ili siku ipite. Nikawa najiuliza, yule binti kwa nini aseme vile? Yule hawezi kusema uongo, hana sababu. Nikafikiri mpaka nikaona. Wavulana walikuwa mbele kwenye nyasi, ninyi mlikuwa nyuma mmeinama. Nilikuwa nafundisha nusu ya darasa na sikujua. Wewe ulisema kweli tupu. Basi tangu siku hiyo, kila darasa, wasichana wanakaa ninaposimama. Uliza Mbaha nzima."

Alikuwa amesimama, hatimaye, ametulia. Niliona ningeweza kunyamaza. Niwe mkweli, niliona zaidi ya hapo: niliona ningeweza kuitikia, kuaga, kuondoka nikiwa mtu aliyemsaidia. Tayari alikuwa ameshanitengenezea mahali pa kukaa. Nikaweka kikombe chini.

"Mwalimu," nikasema, "mimi nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Siku ya shamba. Nilisikia yote na nilielewa siku ileile. Swali la mtihani nililifanya njiani na kijiti, likatoka. Mbele ya bodi nilisema uongo. Nilimwogopa baba."

Alizunguka chanja la kwanza, akazunguka la pili, vidole vinatafuta chaki isiyokuwepo. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane, nipewe haki yangu niende. Aliporudi mbele yangu midomo yake ilikuwa inacheza.

"Ulikuwa nyuma kabisa?"

"Nyuma kabisa."

"Na uliinama."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa hiyo nilifundisha," alisema. Akasema tena, kwa sauti, "Kwa hiyo nilifundisha. Mama, njoo. Njoo usikie huyu anachosema. Nilifundisha siku ile, mpaka wa nyuma walipata." Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, anapiga paja lake lisilo na vumbi la chaki.

Mkewe alitoka jikoni anafuta mikono kwenye kitenge. "Mwambie," mwalimu aliniambia, na nikamwambia yule mama yote, neno kwa neno, na bodi, na baba, na kijiti. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuondoa macho.

"Tulivyohama mama yangu alikuwa mgonjwa," alisema. "Nilimwacha kwa majirani. Alizikwa sijafika."

"Pole sana, mama. Nisamehe. Sikujua."

"Miaka yote hii ulikuwa Mbinga?"

"Ndiyo."

"Na barabara ipo."

Mwalimu hakuwa anatusikia. Alikuwa ameshika bega langu, analitikisa, anataka nirudie ile sehemu ya njiani, nilivyoukamilisha mraba vumbini na jibu nililolipata, nilitaje bichi. Nikarudia. Mama alikuwa ameshaingia ndani.